Kabali ya Mkunga

Mtaa mzima ulimwita Cheche, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mabega mapana, sauti ndogo isiyolingana nayo hata kidogo. Milango, madirisha, vitanda vya chuma, hata geti la shule ya jirani, vyote vilitoka mikononi mwake. Mchana alichomelea. Jioni alinawa masizi, akaenda kwa mjomba wake kujifunza kupigana.

Mama yake hakukuita huko kujifunza. "Mwenzangu, binti yangu ana kazi mbili," aliwaambia majirani. "Moja analipwa, nyingine anapigwa."

Mchezo wenyewe ulikuwa mapigano mchanganyiko: ngumi, mateke, mieleka na kabali, vyote ndani ya uzio mmoja wa waya. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa bondia ujanani. Mieleka na kabali alijifunza ukubwani, kwa kutazama video kwenye simu mpaka macho yakamwasha. Klabu yake ilikuwa stoo ya mbao nyuma ya gereji, yenye mikeka sita na gunia moja la kupigia lililoshonwa mara nne. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, mwanamke akiwa Cheche peke yake.

Mwaka huo mambo hayakumwendea vizuri. Alikuwa amepoteza mapambano matatu mfululizo. Mawili alishindwa kwa pointi, la tatu alipigwa teke la ubavuni, na wiki nzima iliyofuata akawa anacheka kwa tahadhari. Alijiapiza moyoni kwamba likimshinda na la nne, basi, anatundika glavu. Mjomba hakuambiwa. Aliyeambiwa ni mama.

"Kweli unaacha?" mama aliuliza.

"Nikishindwa, naacha."

"Basi safari hii nakuja. Nione hicho unachotaka kukiacha."

Pambano lake la nne lilikuwa kwenye mashindano ya mkoa. Mshindi wa kila uzito angeuwakilisha mkoa kwenye mashindano ya taifa. Klabu ya stoo ya mbao ilikuwa haijawahi kupeleka mtu huko, na mjomba alikuwa ameshaanza kuuliza fulana nyeupe zinachapishwa wapi jina la klabu mgongoni.

Yalifanyika Jumamosi, kuanzia saa nane mchana, katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Madawati ya mitihani yalisukumwa ukutani, viti vya plastiki vikapangwa kuuzunguka ulingo. Madirisha yalikuwa juu sana, jua likaingia kwa vipande na kuwakalia watu vichwani. Wakati wenzake wanapasha misuli, Cheche alikuwa amechuchumaa pembeni ya ulingo, anapapasa nguzo.

"Nani kachomelea hivi?" alinong'ona. "Hii kona haijashika vizuri."

"Umekuja kupigana au kukagua?" mjomba akamvuta kwa kola. "Njoo nikufunge mikono."

Pambano la kwanza lilikuwa la wanaume wawili wazito, mwalimu wa hesabu na muuza nyama. Wanafunzi wa mwalimu walijaa safu mbili za nyuma, wakipiga kelele hadi vioo vikatetemeka. Dakika moja ya kwanza ilikuwa patashika nguo kuchanika. Ya pili, pumzi zikawaishia wote wawili, wakaegemeana katikati ya ulingo kama ndugu waliopoteana miaka mingi. Muuza nyama alishinda kwa pointi, na wanafunzi walimshangilia mwalimu wao hivyo hivyo. Pambano la pili halikufika mbali. Kijana mmoja mwepesi alikamatwa mkono, ukanyooshwa, akagonga mkeka kwa kiganja, ishara ya kusalimu amri. La tatu lilikuwa la Cheche.

Mpinzani wake walikuwa wamekutana asubuhi kwenye mizani. Mwanamke mrefu, mwembamba, mpole wa kuongea, ametoka wilaya ya jirani. Wenzake walimwita Mkunga, na jina hilo halikuwa la utani, maana ndiyo kazi aliyoifanya kwenye zahanati moja ndogo huko kwao. Alimsalimia Cheche kwa mikono miwili, akamuuliza kama amelala vizuri.

"Nimelala," Cheche akajibu. "Na wewe?"

"Mie nimetoka zamu. Wamezaliwa mapacha asubuhi hii, wote wazima." Akatabasamu. "Tukimaliza nitalala."

Cheche alirudi kwa mjomba akilalamika. "Sasa mtu kama huyu nitamchukia vipi?"

"Nani kakuambia umchukie? Mpige tu."

Basi mchana, zamu yao ilipofika, kengele ikalia. Raundi ya kwanza ilikuwa ya Cheche. Alikuwa mfupi, akaingia chini ya mikono mirefu ya Mkunga na kumgonga mbavuni, akatoka, akaingia tena. Raundi ya pili Mkunga aliushtukia mchezo. Kila Cheche alipoingia alikuta goti linamsubiri. Mara mbili alibebwa na kubwagwa chini, na mara ya pili alihesabu taa za ukumbi kabla ya kuinuka.

"Moja yako, moja yake," mjomba alimwambia wakati wa mapumziko, akimmwagia maji kisogoni. "Hii ya tatu ndiyo yenyewe. Kufa kupona. Usimpe mgongo wako, unanisikia? Chochote kile, mgongo usimpe."

Cheche akatikisa kichwa kuitikia. Na zilipobaki dakika mbili, akampa mgongo.

Hakukusudia. Alirusha ngumi ya kulia, ikakosa, mwili ukazunguka nao mzima mzima, na kufumba na kufumbua Mkunga alikuwa nyuma yake kama begi la shule. Wakaanguka pamoja. Mkono mwembamba ukapita chini ya kidevu, ukakaza. Cheche aliushika kwa mikono yote miwili, akavuta, haukusogea. Alijua anatakiwa kugonga mkeka. Akajiambia, bado kidogo, nahesabu mpaka tatu. Akahesabu moja.

Halafu akawa nyumbani kwa mama yake, kitandani, mtoto mdogo, anasikia ufagio unapita uani. Kulikuwa na utulivu mkubwa na hakuwa na haraka yoyote. Ufagio ukazidi kelele, ukawa watu, ukawa ukumbi, na Cheche akajikuta amepiga goti, mbele yake miguu ya mtu. Akainuka. Mtu yule alikuwa amesimama, mikono chini, uso kamgeuzia refa, anasema jambo. Cheche hakufikiri. Mkono wake wa kulia, mkono ulioinua nyundo miaka kumi na mitano, ukaondoka wenyewe na kumpata Mkunga kwenye taya. Mkunga akaenda chini kama nguo iliyoponyoka kambani. Refa akajirusha katikati, akapunga mikono. Imekwisha.

Ukumbi ulilipuka. Mjomba aliruka uzio, mtu wa miaka sitini, akambeba Cheche juu juu. Refa aliinua mkono wake. Cheche alicheka, akalia, akacheka tena. Mambo aliyoyakumbuka hayakuungana vizuri, lakini nani anajali kuunga mambo mkono wake ukiwa juu?

Chumba chao cha kubadilishia nguo kilikuwa darasa la useremala. Alikaa juu ya benchi la kazi, mjomba akamkatia bandeji za mikononi kwa mkasi, akiimba chini kwa chini. Mama akaingia na mkoba wake kifuani. Alimpapasa mwanawe uso mzima, paji, mashavu, kidevu, kama anayechagua nyanya sokoni.

"Umeshinda kweli?"

"Nimeshinda, mama."

"Mungu ni mwema." Akakaa kwenye kiti, akashusha pumzi. "Lakini hebu nielezeni, maana mimi sheria zenu sizijui. Ulipolala, ndiyo sheria kwamba mwenzako akuachie?"

Mjomba akaacha kuimba. "Alale wapi, dada? Hakulala huyu."

"Alilala. Mimi nilikuwa upande ule, uso wake ulikuwa kwangu. Macho wazi, lakini hayaoni. Na mkono ukadondoka hivi." Mama aliinua mkono wake, akauachia, ukaanguka pajani kwa kishindo kidogo. "Nikasema basi, mwanangu kaniondokea. Nikasimama nipige kelele, sauti ikagoma. Ndipo yule binti akamchungulia usoni, akamwachia. Akamshika kichwa, akakilaza pole pole, akasimama kumwita refa. Refa alikuwa nyuma, haoni kitu. Mpaka anazunguka, huyu ameshaamka, refa anasema endeleeni. Yule anamweleza refa, huyu akampiga."

Nje, mtangazaji alikuwa anaita majina ya pambano linalofuata.

"Mjomba," Cheche akasema. "Uliona?"

Mjomba akakunja bandeji ambayo haikuhitaji kukunjwa. "Labda ulilegea kidogo."

"Kidogo?"

"Sikiliza, mpwa wangu. Anayeamua ni refa. Si mimi, wala si mama yako. Ameinua mkono wako mbele ya watu wote, umeinuliwa. Ulikuwa unalisubiri jambo hili, na mimi pia. Usiliharibu kwa kuuliza uliza."

Cheche alijigusa shingoni, palipokuwa panauma. Kilichomtisha ni ule ufagio. Ulikuwa mtamu mno. Hakuona maumivu, hakuona hatari, wala asingejua kwamba kuna kitu cha kuogopa. Yule mtu angeshikilia tu, na haki alikuwa nayo, kwani sheria inasema ushikilie mpaka refa akutoe. Na refa alikuwa nyuma. Na mama alikuwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, anatazama, sauti imegoma.

Akashuka kwenye benchi.

"Unakwenda wapi?" mjomba akauliza, ingawa alijua.

"Kumshukuru."

Chumba cha pili kilikuwa darasa la ushonaji. Mkunga alikuwa amekaa juu ya meza kati ya cherehani mbili, mfuko wa barafu tayani. Mume wake, mwanaume mfupi mwenye miwani, alikuwa anakunja nguo zake kwa uangalifu na kuziweka kwenye begi.

"Hodi," Cheche akasema mlangoni.

"Karibu, bingwa." Mkunga aliongea kwa upande mmoja wa mdomo, na hakukuwa na kejeli ndani yake.

"Dada, nilizimika?"

Mkunga akamtazama mumewe, akamtazama Cheche. "Ulizimika."

"Kwa nini uliniachia?"

"Sikukaa nikafikiri. Hata kocha wangu katoka hapa sasa hivi, kanigombeza mpaka kachoka. Ananiambia ningeshikilia sekunde tatu tu." Akahamisha barafu. "Lakini kichwa chako kilikuwa kizito. Kichwa cha mtu aliye macho hakiwi kizito vile. Mie kazini kwangu mtu akilegea mikononi, sisubiri kuambiwa. Mikono ilikuwa imeshafunguka kabla sijajua nimefanya nini."

"Na mimi nikakupiga."

"Ulikuwa hujui hata uko wapi. Niliona macho yako. Hukunipiga mimi, ulipiga tu."

Cheche alitaka kusema mengi. Njiani, kwenye korido, alikuwa ameyapanga. Sasa aliishia kusema, "Asante. Mama yangu alikuwa amekaa pale. Asante," na machozi yakamtoka bila mpango.

"Ah, usilie mwenzangu," Mkunga akasema. "Barafu ni hii hii moja."

Wakacheka, wote wawili wakishika sehemu zinazouma. Mume akampa Cheche kitambaa kilichokunjwa vizuri.

"Nakwenda kwa refa," Cheche akasema alipojifuta. "Twende wote."

"Huna haja ya kufanya hivyo."

"Ninayo."

Refa alikuwa mwalimu mstaafu wa judo, mzee mwenye mgongo ulionyooka, na alikuwa amepumzika nje ya ukumbi huku mwenzake anachezesha pambano la nne. Cheche alimweleza yote bila kupunguza. Mzee hakubisha. Alimwita mtu wa kamera wa waandaaji, wakaitazama ile sehemu kwenye kioo kidogo, wanne wamesongamana. Kwa upande ule wa kamera kila kitu kilionekana: mkono unadondoka, Mkunga anainama, kichwa kinalazwa. Mzee akaomba irudiwe. Akaomba tena. Mara ya tatu alivua miwani akasugua macho.

"Kazi ya kuona ilikuwa yangu," akasema. "Wewe binti umefanya kazi yangu, na mimi nikakuponza upigwe kwa ajili yake. Nisameheni nyote wawili."

"Mzee, hakuna aliyeumia sana," Mkunga akasema.

"Hilo si kwa sababu yangu."

Pambano la nne lilipokwisha, refa aliteta na majaji, kisha akaingia ulingoni mwenyewe, akachukua kipaza sauti mikononi mwa mtangazaji. Hakuzunguka. Alisema amekosea, akaeleza alichokosea, akasema fundi wa kuchomelea ndiye aliyekuja kumwambia kwa mdomo wake. Ushindi ulikuwa wa Mkunga, kwa kabali, raundi ya tatu.

Watu walianza kuguna. Mmoja wa nyuma akapiga mluzi, akapaza sauti, "Mkono ukishainuliwa umeinuliwa! Huyo fundi kachanganyikiwa!"

Mama akainuka kwenye kiti chake cha plastiki. Ile sauti iliyomgomea mwanzo, sasa ilikuja yote. "Nyamaza wewe! Huyo ni mwanangu!"

Ukumbi ukaangua kicheko, kicheko kikageuka makofi, na wanafunzi wa mwalimu wa hesabu, ambao walikuwa tayari kumshangilia mtu yeyote siku hiyo, wakaanza kupiga miguu chini. Refa akainua mkono wa Mkunga. Mkunga, kwa mkono wake mwingine, akamshika Cheche na kumvuta hapo katikati. Cheche alisimama akitazama viatu vyake, amefurahi kuliko alivyofurahi mara ya kwanza, na safari hii akijua kwa nini.

Daktari wa mashindano alimpima, akamtuma hospitali kwa uhakika zaidi. Hakukutwa na tatizo. Aliambiwa asiguse mazoezi mwezi mzima, na mama akajipa cheo cha kusimamia amri hiyo.

Mjomba alinuna siku tatu. Hakupiga simu, hakupita. Siku ya nne akatokea kwenye karakana ya Cheche amebeba stuli yenye mguu uliolegea, eti imeharibika. Cheche aliitazama, akaona mguu umefunguliwa kwa spana makusudi. Akaikaza. Mjomba akaikalia hapo hapo.

"Nilikuwa nimeshachagua rangi ya maandishi ya fulana," akasema.

"Najua, mjomba. Samahani."

"Usiniombe msamaha." Alikaa akitazama vipande vya vyuma sakafuni. "Nimeitazama ile video. Wamenitumia. Unajua nilichokiona? Namwona yule binti anakulaza kichwa. Na mimi naonekana pembeni, mjomba wako niliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo, natazama saa. Nahesabu sekunde zilizobaki." Akamtazama Cheche. "Mtu baki kakuona, mimi sikukuona."

Cheche alizima mashine. Alikaa chini, kwenye sakafu yenye vumbi la chuma, akaegemea goti la mjomba wake kama zamani. Kisha mjomba akajikohoza.

"Hivi namba yake ya simu unayo? Nataka na mimi nimshukuru. Mama yako anampigia kila siku, nisipoharakisha atanisemea vibaya."

Ilikuwa kweli. Mama alimpigia Mkunga kila alfajiri kuuliza kama taya imepona, na ilipopona akaendelea kuuliza mambo mengine: kama amekula, kama zamu haikumchosha, kama mume hajambo. Cheche alianza kusikia habari za Mkunga kwa mama kabla hajazisikia kwa mwenyewe.

Glavu hazikutundikwa. Cheche alisema alijiapiza kuacha akishindwa, lakini hakusema akishindwa vile. Mwezi wa marufuku ulipokwisha, Mkunga aliomba aje wafanye mazoezi pamoja, maana huko kwao hakuwa na mwanamke wa kujipima naye. Kila siku yake ya mapumziko alikuja na mumewe hadi stoo ya mbao, na mjomba akamfundisha ngumi zote alizozijua, bila kumficha hata moja.

Kwenye mashindano ya taifa Mkunga aliingia na Cheche nyuma yake, amebeba ndoo, taulo na chupa ya maji, na mjomba kavaa fulana nyeupe ambayo hatimaye ilikuwa imechapishwa. Pambano la kwanza alishinda kwa pointi. La pili alikutana na msichana mrefu kumzidi, mwenye mateke kama mijeledi, akapigwa kihalali kabisa. Alirudi kwenye kona akiwa na jicho moja limevimba na tabasamu pana.

"Kanipiga yule," akasema kwa heshima.

"Kakupiga," Cheche akakubali, akimfuta jasho. "Lakini raundi ya pili ulimtisha."

"Uliona?"

"Niliona. Nilikuwa nakuangalia muda wote."

Simu ikaita kwenye mfuko wa Cheche. Alikuwa mama. Hakuuliza nani kashinda. "Nipe yule binti mwingine," akasema. Cheche akamkabidhi Mkunga simu, akaokota ndoo, akaenda kumtafutia barafu.